SOMO LA AFYA: Tusome Cheti cha Mtoto

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Je, umewahi kusoma cheti cha mtoto wako mkitoka hospitali?

Pengine utaona herufi moja na namba. Hiyo ni alama ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limepanga alama hizo katika orodha yake ya kumi. Mganga wa Singida akiandika B54, mganga wa Japani naye atajua ni malaria, ingawa hawajui lugha moja.

Tutazame ugonjwa mmoja. Mwaka 1961 daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, alimwona mtoto mwenye homa asiyoielewa. Mwaka 1967 aliandika habari za watoto 50 wa namna hiyo. Ugonjwa ukapewa jina lake. Alama yake ni M30.3. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Mishipa yao ya damu huvimba.

Dalili zake ni hizi:
1. Homa kali ya siku 5 au zaidi.
2. Macho mekundu yasiyo na tongotongo.
3. Midomo kupasuka na ulimi kuwa mwekundu.
4. Vipele mwilini.
5. Mikono na miguu kuvimba, halafu ngozi ya vidole kubambuka.
6. Tezi la shingoni kuvimba.

Dalili hizi hufanana na za surua. Ndiyo maana ugonjwa huu hupita bila kujulikana. Usipotibiwa, karibu mtoto 1 katika 4 huharibika mishipa ya moyo. Dawa yake huingizwa mshipani, na inafaa zaidi kabla ya siku 10 za homa kwisha.

Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati mapema. Tuseme mama wa Mungumaji amefanya hivyo, akapewa cheti chenye R50.9. Maana yake ni homa ambayo chanzo chake bado hakijajulikana. Mganga hakukosea. Lakini homa ikiendelea, mama asikae nyumbani akisema, "Si alishatibiwa?" Arudi na cheti kilekile. Aseme, "Mganga, leo ni siku ya tano, na midomo imepasuka."

Kuandika alama ni kazi ya mganga. Kuhesabu siku ni kazi yetu wazazi.

Maswali
1. Alama ya ugonjwa wa Kawasaki ni ipi?
2. R50.9 maana yake nini?
3. Kwa nini tuhesabu siku za homa?