Kuiandaa Nyumba kwa Baridi ya Minneapolis

Minneapolis, jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hukaa katika baridi kali kuanzia Novemba hadi Machi. Wastani wa halijoto ya Januari ni nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na zipo siku ambazo usiku hushuka hadi 25 chini ya sifuri na zaidi. Nyumba za huko zimejengwa kuhimili hali hiyo, ila kila mwaka zinahitaji kuandaliwa mnamo Septemba na Oktoba, majani yanapopukutika. Kazi nyingi za maandalizi ni nyepesi na gharama yake ni ndogo. Zikicheleweshwa, baadhi hazifanyiki tena, na nyingine hugeuka matengenezo makubwa. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka tarehe 31 Oktoba, na ilipokoma siku ya nne ilikuwa imefikia sentimita 72. Ndiyo maana inafaa kila kitu kiwe tayari kabla Oktoba haijaisha.

Wajibu wa mwenye nyumba na wa mpangaji

Wageni wengi huanza maisha kwa kupanga. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halipungui nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, isipokuwa pale ambapo kampuni ya gesi au umeme inaagiza joto lipunguzwe. Mtambo mbovu, dirisha lisilofunga na bomba linalovuja ni mambo ya kumwandikia mwenye nyumba mapema, kwa ujumbe wenye tarehe na picha, na nakala ihifadhiwe. Asiposhughulika, malalamiko hupelekwa kwa jiji kwa simu namba 311.

Mtambo wa kupasha joto

Nyumba nyingi zina tanuri la gesi katika chumba cha chini ya ardhi, linalosukuma hewa ya moto vyumbani kwa kupitia mabomba ya bati. Linafaa kuwashwa kwa majaribio Septemba, mafundi wakiwa bado hawajazidiwa na kazi. Harufu ya vumbi linaloungua siku ya kwanza ni ya kawaida na huisha yenyewe. Harufu ya mayai yaliyooza ni dalili ya gesi inayovuja: wote watoke nje papo hapo bila kugusa swichi yoyote, kisha simu ya 911 ipigwe wakiwa mbali na nyumba.

Chujio la tanuri hunasa vumbi lisiingie kwenye mtambo. Vipimo vyake huandikwa pembeni kwenye fremu, kwa mfano inchi 16 kwa 25 kwa 1, na chujio jipya lazima liwe na vipimo vilevile. Pembeni hapo pia kuna mshale, nao huelekezwa upande wa tanuri, kule hewa inakokwenda. Chujio jembamba hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Likiziba, tanuri hufanya kazi kwa shida na bili hupanda.

Mabomba ya maji

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua hata bomba la shaba. Hatari ya kwanza iko kwenye koki ya nje ya bustani. Mpira wa kumwagilia huchomolewa na kuwekwa ndani, koki ya ndani inayopeleka maji nje hufungwa, kisha ile ya nje hufunguliwa ili maji yaliyobaki yamwagike. Kila mkazi mtu mzima ajue pia ilipo koki kuu ya nyumba, kwa sababu bomba likipasuka ndiyo ya kwanza kufungwa.

Wanaosafiri Desemba kwenda Mombasa, Moshi au Kampala wasizime joto wanapoondoka. Themostati iachwe angalau kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti, sawa na 13 za Selsiasi, koki kuu ifungwe, na jirani aombwe kupita kukagua.

Madirisha, milango na unyevu

Joto hupotea kwa wingi kwenye nyufa. Siku ya upepo, moshi wa kijiti cha udi ukipitishwa taratibu kandokando ya fremu hupepea mahali baridi inapopenya. Nyufa za ukutani huzibwa kwa silikoni, na kingo za milango hubandikwa kanda za mpira. Dirisha kuukuu hufunikwa kwa ndani kwa nailoni angavu inayouzwa madukani: hubandikwa kwa gundi kuzunguka fremu, kisha hupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikakaza na kunyooka.

Nyumba iliyozibwa vizuri hutunza pia mvuke. Sufuria ya maharage inayochemka kwa saa nyingi huacha matone kwenye vioo, na matone hayo huzaa ukungu ukutani. Feni ya jikoni iwashwe wakati wote wa kupika, na ya bafuni wakati wa kuoga.

Moto na hewa ya sumu

Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko ambalo Afrika Mashariki huwashwa uani au kwenye nyumba yenye matundu ya hewa huwa hatari kubwa ndani ya nyumba iliyozibwa kila upande. Oveni ya gesi nayo si ya kuotea moto. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi kisizidi futi 10, yaani mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. King'ora hicho na kile cha moshi hujaribiwa kwa kubonyeza kitufe. Wengi hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zinaporudishwa nyuma.

Hita ndogo ya umeme huwekwa umbali wa mita moja kutoka kitanda na mapazia, na huchomekwa ukutani moja kwa moja, si kwenye waya wa kuunganishia.

Majani, paa na njia ya miguu

Mifereji ya paa husafishwa baada ya majani mengi kuanguka, ili maji yashuke badala ya kuganda ukingoni. Majani hayasukumwi barabarani, kwani huziba mitaro inayomwaga maji kwenye maziwa ya jiji na Mto Mississippi. Hufungwa katika mifuko ya karatasi inayooza na kuwekwa nje kabla ukusanyaji haujakoma Novemba.

Koleo la theluji na chumvi hununuliwa mapema. Katika nyumba za familia moja au mbili, njia ya miguu iliyo mbele lazima iondolewe theluji ndani ya saa 24 baada ya kukoma kuanguka. Mpangaji asome mkataba wake kujua kama kazi hiyo ni yake.

Bili

Minnesota ina mpango wa kusaidia kulipia gesi na umeme, kwa wapangaji na wenye nyumba, kulingana na kipato na idadi ya watu nyumbani. Fedha hizo si mkopo. Vilevile, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, kanuni ya jimbo huzuia kampuni kukata huduma ya joto kwa mteja aliyekubaliana nayo utaratibu wa malipo na akautimiza. Kinga hiyo haiji yenyewe. Anayeona bili itamlemea aipigie kampuni simu mapema, kabla deni halijakua.