Duka ndani ya darasa

SWALI: Nafunza Gredi ya 3 huku Kayole. Wanafunzi ni wengi, vifaa ni haba. Nitachangamsha vipi Hesabu, kusoma na kuzungumza?

JIBU: Mwalimu, fungua kibanda cha mboga darasani. Vizibo vya soda viwe nyanya, vipande vya karatasi viwe pesa. Gawa darasa katika vikundi vya watoto sita: wauzaji wawili, wateja watatu na karani mmoja, kisha wabadilishane zamu.

Wauzaji waandike bei wenyewe: nyanya shilingi 20, sukuma wiki shilingi 15. Mteja asome bei, asalimie, aagize kwa sentensi kamili. Akinunua vyote viwili kwa shilingi 35 na kutoa noti ya 50, muuzaji ahesabu chenji kwa sauti kuanzia 35: tano, 40, kumi, 50. Chenji ni 15. Hesabu hiyo wameisikia sokoni na kwa makanga wa matatu. Karani aandike kila mauzo, mwishowe asomee darasa.

Anayenyamaza mpe ukarani kwanza, uuzaji baadaye. Usikatize mchezo kusahihisha sarufi. Andika makosa, myajadili mwishoni. Anza na kikundi kimoja mbele ya wenzao, wengine waige.