SOMO LA WANANCHI: KUPIMA MALISHO KABLA YA KUHESABU NG'OMBE



Somo letu la leo latoka Kaliua, katika Mkoa wa Tabora, mahali inapochepuka reli ya Mpanda kutoka Reli ya Kati. Nchi hiyo iliyo magharibi ya Tabora si ngeni katika historia ya visiwa vyetu, kwani misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita huko. Kaliua imekuwa wilaya tangu mwaka 2012, ilipotengwa na Urambo. Wakaazi wake hulima mahindi na tumbaku. Na kwa miaka mingi wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia katika misitu yake ya miombo pamoja na ng'ombe wao. Hapo ndipo huzuka suala zito: eneo la malisho la kijiji laweza kulisha ng'ombe wangapi? Likijibiwa kwa kukisia, njaa ya mifugo huishia katika mashamba ya watu, na ugomvi hufuata.

Jicho ni shahidi dhaifu. Mwezi wa Aprili, mvua zinapomalizika, nyasi huwa ndefu na za kupendeza, nawe ukadhani hazitakwisha. Walakini mvua haitarudi hadi Novemba. Kwa hiyo hapana budi kupima, na vifaa vyake si ghali: fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50, mkasi au mundu, mifuko ya karatasi na mizani ndogo.

Kwanza, gawa eneo kwa aina zake: msitu wa miombo, mashamba yaliyoachwa, na mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi yajaayo maji wakati wa mvua. Kila aina ipimwe peke yake.

Pili, tembea kwa mstari ulionyooka na uweke fremu kila baada ya hatua 20, palipo na nyasi nyingi na palipo kipara, chini ya mti na juani. Anayechagua mahali pazuri hujidanganya mwenyewe. Fremu zisipungue 20 kwa kila aina ya eneo.

Tatu, kata nyasi zote zilizomo katika fremu, ukiacha visiki vya sentimita mbili au tatu, na utenge zile ambazo ng'ombe hawali.

Nne, zikaushe katika tanuri la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, ndipo upime. Maji si chakula. Nyasi mbichi hudanganya mizani.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Wastani ukiwa gramu 50 kwa fremu, zidisha kwa 40. Utapata kilo 2,000 za majani makavu kwa hekta. Hizo zote si za kuliwa. Sehemu ibakie kulinda udongo na mizizi, na nyingine hukanyagwa au huliwa na mchwa. Tukichukua asilimia 30, zabaki kilo 600. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula kiasi cha kilo 6.25 za majani makavu kwa siku, nazo kwa siku 180 za kiangazi ni kilo 1,125. Basi hekta 100 zitalisha ng'ombe 53. Aliyehesabu kila jani atasema 177. Tofauti hiyo ya ng'ombe 124 ndiyo njaa ya mwezi wa Oktoba.

Ifahamike pia kwamba fremu hupima majani yaliyopo siku ile, wala si yote yaliyoota, kwa kuwa mengine yamekwisha liwa. Anayetaka kujua uzalishaji huweka vizimba vya waya ambavyo mifugo haiwezi kuingia, na kuvihamisha kila baada ya muda. Njia hiyo ilitumiwa Serengeti katika miaka ya 1970 na mtaalamu wa Marekani, Samuel McNaughton, akaonyesha kuwa nyasi zilizoliwa kwa kiasi huweza kuota zaidi kuliko zisizoguswa, ilhali zikizidishiwa uzalishaji hupungua.

Hata hivyo, uzito si ubora. Nyasi ndefu za miombo zikikomaa huwa na protini haba: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena moto mmoja wa kiangazi hufuta hesabu yote, palipoungua pasihesabiwe.

Kwetu visiwani, ambako ng'ombe wengi hufungwa kamba au kukatiwa majani, fremu hiyo hiyo yafaa. Kabla ya kuongeza ndama, mfugaji na apime konde lake. Na kwa watumishi wanaoshiriki kupanga matumizi ya ardhi, kila takwimu ya mifugo na itanguliwe na takwimu ya majani.