Kilo za kahawa hazisomeki

SWALI: Naandika programu ya C, kwa ncurses, ya kupokelea kahawa kwenye kiwanda cha ushirika wetu. Karani akijaza kilo na kubonyeza F2 kuhifadhi, kisanduku cha mwisho husomeka kitupu. Tena namba za wanachama hazipatikani, ilhali zimo kwenye orodha. – Msomaji, Karatina

JIBU: Hayo ni makosa mawili. Kisanduku chenye kishale bado kiko mikononi mwa karani. Alichoandika hakijafika kwenye bafa. Kabla ya kusoma, ita `form_driver(fomu, REQ_VALIDATION)`, kisha `field_buffer(kilo, 0)`. Usipuuze jibu la `form_driver`: likiwa `E_INVALID_FIELD`, usihifadhi, mrudishe karani arekebishe.

La pili ni nafasi. Kisanduku cha herufi 10 chenye namba 0417 hurudisha tarakimu 4 na nafasi 6 nyuma yake, kwa hiyo `strcmp` haitailinganisha kamwe na 0417 ya kwenye orodha. Nakili maandishi kwenye safu yako mwenyewe, ukate nafasi za mwisho, ndipo ulinganishe. Kwenye kilo hutaliona tatizo hili, maana `strtod` hukomea tarakimu inapoishia.

Mkulima mmoja akishahudumiwa, safisha kwa `set_field_buffer(kilo, 0, "")`. Hapo nakusihi usizembee: kilo za mkulima zikibaki kwenye skrini, zinaweza kuandikwa kwa jina la anayemfuata, na malipo yake yote yanategemea tarakimu hizo. Jaribu na mizani halisi kabla msimu haujaanza.