Chai ya Kijani na Chai Nyeusi

Swali: Je, ni kweli kwamba chai ya kijani ina faida zaidi mwilini kuliko hii yetu nyeusi ya Kericho?

Jibu: Ndugu msomaji, zote mbili asili yake ni mti mmoja, ila jani la chai ya kijani huwahiwa kwa moto au mvuke lingali bichi, katekini zake, yaani viambato vya jani vinavyosifiwa kwa faida mwilini, zikasalimika, ilhali lile la chai nyeusi, baada ya kunyaushwa usiku kucha na kusagwa, huachwa lipigwe na hewa hata likageuka rangi ya shaba na kunukia kama tufaha bivu, na katekini nyingi zikabadilika, baadhi yake zikawa viambato vingine viitwavyo theaflavini, ambavyo navyo manufaa yake si haba. Basi usiidharau yako. Lakini mwenye upungufu wa damu asiinywe, ya rangi yoyote, pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma ya nafaka na mboga yasifyonzwe barabara.