Vita Vyenyewe Vinatosha

Wengi wanaovuka mpaka wa Bunagana kutoka Kongo kuingia Uganda, mtoto mgongoni na godoro kichwani, wanahangaishwa na swali moja: nikiulizwa nani alitaka kuniua, nitamtaja nani? Pengine hakuna aliyekutishia. Ulisikia mabomu yakilia upande wa Rutshuru, ukaona majirani wanafunga mizigo, nawe ukafunga wako. Njiani unakutana na watu wanaokushauri utunge kisa kizito zaidi, vinginevyo utarudishwa.

Usitunge. Sheria haikudai kisa hicho.

Mkataba wa Geneva wa 1951 unamlinda mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Viongozi wa Afrika waliona kwamba kipimo hicho peke yake kinawaacha nje watu wengi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake, na ibara ya kwanza ikawaongeza wote waliolazimika kuhama makao yao kwa sababu ya uvamizi, kukaliwa au kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya utulivu wa umma katika nchi yao yote au sehemu yake. Uganda imeyaingiza maneno hayo katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Shika hapo penye "sehemu yake": utulivu wa Kinshasa haumwondolei haki mtu aliyekimbia mapigano ya Masisi, mashariki mwa Kongo.

Kwa sababu hiyo Uganda kwa miaka mingi imewapokea kwa jumla Wakongomani wanaokimbia vita vya mashariki, bila kumtaka kila mmoja athibitishe kisa chake peke yake. Ukweli wako mfupi, kwamba ulitoka kijiji fulani na mapigano yakafika, ndio unaohitajika. Uongo ukigunduliwa baadaye unaweza kukupotezea hadhi ambayo ungeipata bila shida.

Kama ulipita njia za panya, usijifiche. Sheria inakataza kumshtaki kwa kuingia bila kibali mtu aliyeomba hifadhi kwa nia njema. Ila inataka uombe ndani ya siku 30 tangu uingie, kwa hiyo usikae kwa ndugu ukisubiri hali itulie. Ukikosa karatasi, iwe ni kadi ya mpiga kura au cheti cha kuzaliwa, nenda hivyo hivyo. Aliyekimbia risasi hatarajiwi kuwa na faili.

Mezani pa usajili utapigwa picha, utachukuliwa alama za vidole, kisha utaulizwa watu wa nyumba yako. Hapa ndipo ninapoomba utulie hata kama umechoka. Mtoto wa marehemu kaka yako unayemlea mwandikishe kama mtoto wa kaka, usimfanye wa kumzaa. Mume aliyepotea njiani mtaje, hata kama hujui yuko hai. Siku akipatikana, au mkitaka kuunganishwa kama familia, watu wataifungua orodha hii ya leo, na jina lisilokuwemo huleta maswali magumu.

Wapo ambao sheria inawafungia mlango: aliyetenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu, na aliyefanya kosa zito lisilo la kisiasa kabla ya kuingia. Kama wapiganaji walikulazimisha kuwabebea mizigo, hilo si sawa na kuwa mpiganaji. Lieleze wazi, useme ulilazimishwa na ulitorokaje.

Ukishatambuliwa una haki ya kufanya kazi, kupata huduma za afya na kusomesha watoto shule ya msingi kama wenyeji, na kutembea nchini kwa masharti ya kawaida.

Usajili ni bure. Anayekudai pesa ili akupeleke mbele ya foleni anakuibia, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Na ikitokea ombi lako limepelekwa kwenye Kamati ya Kuamua Hadhi ya Wakimbizi, likakataliwa, dai sababu kwa maandishi na uitunze barua hiyo. Una siku 30 tangu ulipoarifiwa kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Wakimbizi. Andika tarehe uliyoipokea siku hiyo hiyo, kisha mtafute wakili wa msaada wa kisheria kabla ya wiki kwisha.