Nguvu Mpya kwa Waliochoka

Somo: 1 Wafalme 19:1–18, Isaya 40:27–31



Mvua ikikatika mwezi wa pili na uwele ukaanza kukunja majani, twawaona waliochoka katika kila mtaa wetu hapa Kongwa. Wengine wamechoka migongo. Wengine wamechoka moyo: bibi anayelea wajukuu peke yake, mama anayemwuguza mumewe mwaka wa tatu sasa, mzee wa kanisa ambaye kila kazi hupewa yeye. Wengi wao huona haya kusema, wakidhani kuwa Mkristo aliyechoka amepungukiwa na imani. Basi, na tuyatazame Maandiko.

1. Kuchoka si dhambi

Eliya alikuwa ametoka kushinda katika mlima Karmeli. Lakini Yezebeli alipomtisha, alikimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Tukumbuke kwamba huyu alikuwa nabii mkubwa, wala Mungu hakumkemea kwa kuchoka kwake.

2. Mungu alianza na mwili

Kabla ya neno lo lote la mafundisho, Eliya aliachwa alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Ndipo akaweza kutembea siku arobaini mpaka Horebu. Kwa hiyo anayekesha na mgonjwa asidhani kwamba kulala ni kumwibia Mungu saa zake. Na sisi tunaomwombea jirani aliyechoka, tusiishie kwenye sala. Tumpelekee ndoo ya maji na ugali wa moto.

3. Kumngoja Bwana

Isaya asema kwamba hata vijana huzimia, bali wamngojao Bwana hupata nguvu mpya. Twawezaje kulielewa neno hili? Tuutazame udongo wetu wenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Vichaka na mibuyu viliyavunja, mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya paundi yakapotea. Nguvu zilikuwapo nyingi, lakini zilitaka kuilazimisha nchi na majira yake.

Mkulima wa Kongwa hungoja mvua, lakini hangoji kwa kulala. Husafisha shamba, huchagua mbegu, hutia jembe mpini mpya. Wengine hupanda katika udongo mkavu kabla wingu halijaonekana. Kumngoja Bwana ni vivyo hivyo. Twasali hata kama sala ni fupi, twafika kwenye Meza ya Bwana hata kama moyo ni mkavu, twatenda kazi ya leo, na mvua twamwachia mwenyewe Mungu. Hatusemi kwamba mvua itanyesha siku tunayotaka sisi. Miaka ya njaa twaijua. Lakini Isaya ataja kukimbia na pia kutembea. Na kuna mwaka ambao neema yote tunayopewa ni ya kutembea tu, hatua kwa hatua, bila kuanguka.

4. Hatuko peke yetu

Huko Horebu Eliya alidhani amebaki peke yake. Bwana akamwambia habari za watu elfu saba wasiomsujudia Baali, akampa pia Elisha awe msaidizi wake. Basi, ikiwa mzigo wa kanisa u juu ya bega moja, tusiseme tu, “Mungu akutie nguvu, mzee.” Huenda Mungu amekwisha kujibu, na jibu lenyewe ni wewe unayesoma hapa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika mtaa wetu aliyechoka, asiyesema?
2. Ni kazi gani ya kanisa inayobebwa na mtu mmoja tu? Nani atakuwa Elisha wake?
3. Wiki hii tutamngojaje Bwana huku mikono yetu ikifanya kazi?

Tuombe: Ee Bwana usiyechoka, utukumbuke sisi tuchokao. Utupe chakula cha leo, usingizi wa usiku huu, na mwenzi wa safari ya kesho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.